Mambo, poa, halafu kimya: navyowatunza marafiki wa bweni kwa simu, hatua kwa hatua

Mi ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani, na huu mwaka wa tisa nashika mawasiliano na wenzangu saba tuliolala bweni moja mpaka tukamaliza form four 2006. Mmoja yuko Dubai saluni, mmoja Leicester anahudumia wazee, mmoja Minneapolis, wengine Mwanza, Kigoma na Dar, na wa saba yuko hapahapa Tanga, na huyu wa Tanga ndo mgumu kuliko wa Marekani, ntaeleza mbele. Wateja wakinikuta nacheka na voisi za WhatsApp huku nakata kitambaa wananiuliza nyie mnawezaje, mbona sisi tuna grupu la shule watu 180 na hakuna anayejua mwenzie anaendeleaje. Nimechoka kueleza kwa mdomo nikiwa na pini menoni, naandika.

Tatizo lenyewe wote mnalijua, fungua simu yako sasa hivi mtafute mtu mliyekuwa mnashea sahani, utakuta hivi:

Mambo
Poa niambie
Safi, za siku
Nzuri, umepotea sana
Nipo tu

Halafu miezi minane. Halafu tena "mambo". Salamu zetu ni tamu ila mlango wa kuingilia na wa kutokea ni uleule, ukishasema nipo tu umeshaaga, mwenzio hana pa kushika. Na hakuna aliyekosea, kila mtu kajibu kwa adabu. Kwa hiyo kazi yote ya huu mwongozo ni kuivuka hiyo "nipo tu", mengine ni vikorombwezo.

HATUA YA 1: Andika majina, yasizidi kumi

Chukua daftari, la karatasi, andika watu ambao ukisikia wamelazwa leo utapanda basi. Sio watu unaowapenda picha zao, sio mliosoma nao tu. Simu yangu ina majina zaidi ya 600 na nusu ni wateja wa sare za shule, ila kwenye daftari walitoka saba. Ukiona umefika ishirini jua unajidanganya, utaanza kwa kasi wiki mbili na ya tatu utawachoka wote. Acha ukurasa mzima kwa kila jina, utaona kwa nini.

HATUA YA 2: Hakikisha namba ni yake kweli

Hapa watu wanaruka na ndo wanaaibika. Laini isipotumika muda mrefu mtandao unaichukua na kumuuzia mtu mwingine, na pia kumbuka ule usajili wa alama za vidole, Januari 2020 laini kibao Tanzania zilifungwa na watu wakachukua namba mpya bila kumwambia mtu. Mi nilimwandikia "shosti wangu wa Kigoma" habari ndefu kuhusu mume wangu wa zamani, kumbe namba ina mzee mmoja wa Singida, akanijibu pole mwanangu Mungu atakusaidia. Mstaarabu sana yule mzee.

Kwa hiyo angalia picha, ukiwa na wasiwasi muulize mtu wa katikati anayemjua. Ukishaipata, isevu na alama ya kujumlisha na kodi ya nchi, yaani +255 na kuendelea, hata kama wote mko Tanzania. Usipoweka hiyo, siku wewe au yeye yuko nje namba inaweza isifunguke vizuri. Na wewe mwenyewe ukibadili laini, usifungue WhatsApp mpya tu kama mtu aliyekimbia deni, kuna sehemu kwenye mipangilio ya akaunti ya kubadilisha namba, unaweka ya zamani na mpya, magrupu yanakufuata na unachagua nani ajulishwe.

HATUA YA 3: Ujumbe wa kwanza, na hapa ndo pagumu

Mtu mliyepotezana miaka mitano akiona jina lako anawaza vitu vitatu tu: kuna msiba, kuna mchango wa harusi, au unataka kukopa. Usikasirike, na wewe unawaza hivohivo. Halafu kuna matapeli, wale wa "ile hela tuma kwa namba hii", kwa hiyo watu wamekuwa wagumu na wana haki.

Ukianza na "mambo" unamwacha na wasiwasi wake. Ukianza na "umenitupa" ndo mbaya zaidi, umemshtaki kabla hujamsalimia, anaanza kujitetea na mtu anayejitetea hachati. Mi naweka vitu vinne kwenye ujumbe mmoja: mi ni nani, tulijuana wapi, kitu kimoja kidogo tunachokijua wawili, na kwamba sina shida. Wa Mwanza nilimwandikia hivi:

"Habari za jioni shosti, ni mimi wa kitanda cha juu karibu na dirisha bovu. Leo nimepika maharage yakaungua nikakumbuka ile Jumamosi tulivyokula ukoko na chumvi tukisema ni keki. Sina shida yoyote wala mchango, nimekukumbuka tu. Ile alama ya kuungua mkononi ilipotea au bado?"

Alijibu ndani ya dakika kumi, voisi, anacheka mpaka anakohoa. Angalia mwisho wa ule ujumbe, kuna swali moja na halijibiki kwa "poa". Ungemuuliza habari za familia angesema wazima, basi mmekwisha. Muulize kuhusu alama ya mkononi atakuambia alama, atakuambia na hospitali, na mume aliyempeleka hospitali.

Kama mliachana vibaya usianze na kesi. Kesi ina siku yake, ikiwezekana ana kwa ana.

HATUA YA 4: Hamia kwenye voisi

Maandishi ni mazuri kwa namba ya akaunti na kwa maelekezo ya njia. Kwa urafiki mi natumia sauti, na sio kupiga simu, voisi. WhatsApp waliileta 2013 na kwangu mi hicho ndo kitu kikubwa kuliko video zao zote, sababu simu inataka wote wawili muwe na nafasi wakati mmoja, na mtu mzima mwenye watoto na bosi hana hiyo nafasi. Voisi inamsubiri, ataisikiliza kwenye daladala au akiwa anaosha vyombo. Na bando inakula kidogo, dakika moja haifiki hata MB moja.

Namna ya kurekodi: bonyeza kile kipaza sauti, telezesha kidole juu mpaka kile kikufuli kifunge, achia, ongea mikono ikiwa huru. Mi huwa naweka simu juu ya meza ya cherehani naendelea kupiga pasi. Ukikatizwa na mteja bonyeza pozi, mteja akiondoka endelea. Ukimaliza sikiliza kwanza kabla ya kutuma, sio kwa ajili ya urembo, kwa ajili ya kujua kama mtoto alikuwa analia nyuma au mume alikuwa anasema kitu kisichotakiwa kufika Leicester.

Isizidi dakika mbili. Hili nalisisitiza sababu nina rafiki, sitaji yupi anajijua, alikuwa anatuma dakika tisa, ile unaiona tu unasema ntasikiliza nikitulia, na hutulii, na siku tatu zikipita unaona aibu kujibu. Siku hizi unaweza kuikimbiza mara moja na nusu au mara mbili, tangu 2021, ila mtu unayempenda akiongea kama kasuku aliyetishwa inapoteza ladha. Una mengi? Kata vipande, kila kipande habari moja.

Na ndani ya zile dakika mbili usisome taarifa ya habari. Chagua kitu kimoja cha leo. Mteja kaleta kitenge anataka gauni la picha aliyoiona Instagram na kitambaa hakitoshi hata mkono mmoja, basi hiyo inatosha, simulia hiyo, halafu muulize na yeye swali lake. Watu wanadhani mpaka uwe na habari kubwa, harusi, kazi mpya, kiwanja. Kumbe hizo kubwa wanazisikia hata kwa majirani. Kile kidogo cha leo ndo kinamfanya mtu aone kama bado mnalala chumba kimoja.

HATUA YA 5: Weka siku na uandike

Siku yangu ni Jumapili usiku nikimaliza kupanga oda za wiki. Watu wawili kila Jumapili, kwa saba wangu nazunguka kama mwezi mmoja hivi nimemfikia kila mtu, halafu naanza upya. Katikati ya hapo tunachati kawaida ikitokea, ila hata isipotokea, hiyo ya Jumapili ipo. Kuna mtu aliniambia urafiki wa ratiba ni wa uongo, nikamuuliza na kulipa kodi ya nyumba kwa tarehe ni uongo? Hakunijibu.

Sasa ule ukurasa wa kila jina. Baada ya kusikiliza naandika mistari miwili mitatu: mama yake anafanyiwa opresheni ya jicho tarehe 14, mtoto wa pili kaanza chekechea, kagombana na mwenye nyumba. Basi. Tarehe 15 namtumia "mama jicho limekaaje?" na nakuhakikishia hakuna pesa itakayonunua jinsi mtu anavyojisikia akipata hiyo. Sio kwamba nina akili ya kukumbuka, sina, nasahau hadi vipimo vya kiuno nilivyochukua asubuhi. Daftari ndo linakumbuka. Kwenye simu unaweza pia kuushika ujumbe ukauwekea nyota ukaukuta baadae, ila mi nyota zangu zilijaa nikawa sizifungui.

Wa Tanga sasa. Kwa kuwa tupo mji mmoja kila siku tunasema tutaonana, na kwa kuwa tutaonana hatuongei kwenye simu, na kwa kuwa hatuongei hatupangi kuonana. Nilikuja kushtuka mwaka mzima umepita na anakaa Chumbageni, hata bodaboda ya elfu mbili haifiki! Kwa mtu wa karibu usitume voisi, tuma siku na saa na chakula. "Jumamosi saa kumi nakuja na mihogo, wewe toa chai." Asikubali, hamisha siku, usiseme tutaangalia.

HATUA YA 6: Saa, jamani, saa

Wakati kwetu ni saa 2 usiku, Dubai ni saa 3 usiku, hiyo haina shida mwaka mzima. Uingereza wakati wao wa baridi ni saa 11 jioni, wakati wa joto ni saa 12, sababu wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Minneapolis baridi ni saa 5 asubuhi na joto saa 6 mchana, nao wanasogeza siku tofauti na Waingereza, Machi wanatangulia na Novemba wanachelewa, kwa hiyo kuna wiki chache katikati mambo yanavurugika. Ndo maana nimechagua Jumapili saa 2 usiku, wote wako macho na hakuna anayelala.

Ila shida kubwa sio hiyo. Shida ni kwamba wenzetu wakikaa nje wanaanza kuhesabu saa za kizungu kwa Kiswahili. Wa Leicester aliniambia nipigie saa nane. Mi nikapiga saa nane mchana, niko na moyo mweupe, ye yuko kazini anamgeuza bibi kitandani, simu inaita. Jioni saa yake nane ya kizungu, ambayo kwa Kiswahili angeita saa mbili usiku ya huko kwake, akakaa anasubiri, akaniona mi ndo simjali. Tulinuniana wiki nzima kwa ajili ya saa! Tangu hapo tunaandika tarakimu za simu na mji, "20:00 ya Tanga", hata kama inaonekana kama tiketi ya ndege.

Na kuhusu kupiga: video koli ya pamoja WhatsApp inabeba mpaka watu 32, ninyi hamtafika huko. Lakini mwenye mtu Falme za Kiarabu ajue kwamba simu za WhatsApp kule zimezibwa miaka na miaka, maandishi na voisi vinapita, koli haziiti au zinaita bila sauti. Wenyeji wanapigiana kwa apu ya BOTIM na nyinginezo zilizoruhusiwa. Mi mwanzoni nilidhani ananikatia, nikamwekea kinyongo bure.

HATUA YA 7: Grupu, kama lazima

Grupu sio urafiki, grupu ni baraza. Mnapita, mnasalimia, mnasikia nani kafiwa, mnaondoka. Ukilielewa hivo halikuumizi. Mi na wale saba tuna grupu letu na sheria zake chache tulizokubaliana baada ya ugomvi: hakuna kuforwadi (ile yenye mishale miwili iliyosambazwa mara nyingi ndo kabisa), hakuna siasa wiki ya uchaguzi, na pesa hazijadiliwi humo. Ikitokea rambirambi au mchango tunafungua grupu la muda, mweka hazina anaandika nani katuma, likiisha linafutwa. Ukichanganya pesa na utani, mtu aliyeahidi elfu hamsini na hana ataacha na kutaniana pia, utamkosa kote.

Birthday. Najua mtanichukia, ila zile keki 40 kwenye grupu hazina maana, mwenye siku yake anajibu asanteni nyote na basi. Mfuate pembeni, voisi ya sekunde thelathini, mwimbie vibaya.

Magrupu makubwa ya shule, ya ukoo, ya kikoba, nyamazisha milio na uende kwenye mipangilio ya hifadhi na data uzime upakuaji wa picha na video wenyewe, uache wakati wa wifi tu. Voisi zitaendelea kushuka zenyewe, usiogope. Ukitaka kutoka, toka, tangu 2022 wanaotaarifiwa ni maadmini peke yao, ile ya kalefti mbele ya watu 180 imepungua makali.

HATUA YA 8: Akikuomba hela, msikie sauti

Mwenzetu wa Dar aliibiwa akaunti. Alipigiwa na mtu anayejifanya wa huduma kwa wateja, akamtajia zile tarakimu sita zilizoingia kwa meseji, kwisha habari. Usiku ule wote saba tukapata ujumbe, mama anaumwa naomba 150,000 nitarudisha kesho. Wa Kigoma alituma. Mi nilikaribia, kilichoniokoa ni kwamba yule mwizi aliandika "Habari ya wakati huu rafiki yangu mpendwa", na yule mwanamke tangu 2003 hajawahi kuniita mpendwa, ananiita kwa jina la mboga.

Kwa hiyo tulikubaliana: hela haitoki bila kusikia sauti yake ikijibu swali la bweni. Na kila mmoja aliwasha uthibitishaji wa hatua mbili, ipo kwenye mipangilio, akaunti, unaweka namba yako ya siri ya tarakimu sita ambayo ni tofauti na ile ya meseji. Dakika moja tu, fanya kabla hujaendelea kusoma. Ile ya meseji usimtajie mtu hata akijiita meneja.

Ya kukopeshana kweli siwezi kukupa kanuni, ila mi natoa kile ambacho kisiporudi hatutaacha kuchati, na nikiwa sina nasema sina siku hiyohiyo. Kukaa kimya na bluu tiki zimewaka ni kibaya kuliko kukataa.

HATUA YA 9: Akinyamaza

Tiki mbili za bluu na hakuna jibu. Usitume alama za kuuliza. Usipost stetasi ya mafumbo kuhusu watu wanaojiona, kila mtu anajua unamsema nani. Mi nasubiri wiki mbili, natuma kitu kisichotaka jibu, picha ya kitambaa cha rangi anayoipenda, bila maneno. Baada ya mwezi nyingine. Ya tatu naandika: "Nipo, ukiwa na nafasi utanikuta. Huna haja ya kueleza." Halafu naacha kweli, kwenye daftari naweka alama ya duara nahamia kwa mwingine.

Wa Minneapolis alikaa kwenye duara miezi kumi na mmoja. Aliporudi ilikuwa voisi ya sekunde nane, shosti nilikuwa siko sawa, leo nimepika maharage. Sikumuuliza ulikuwa wapi. Nilimuuliza yameungua?

HATUA YA 10: Namba ziwe na karatasi

Weka bakapu ya chati, sawa, lakini simu yangu ya kwanza iliingia kwenye beseni la kulowekea vitambaa, bakapu ilikuwa ya miezi sita nyuma na barua pepe niliyoifungulia nilikuwa nimesahau neno la siri. Namba zote saba nilizipata ukurasa wa kwanza wa daftari, zimeandikwa kwa kalamu, na +971 na +44 zake. Daftari lenyewe siliweki dukani, liko nyumbani kabatini, chini ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto.